Kufuli la Injini Mbili

Komeo hakuwa mtu wa majini hata kidogo. Alikuwa fundi wa vitasa, makufuli na bawaba za mageti, mwenye kibanda cha kazi nyuma ya soko, na jina hilo alipewa na wateja wake, likamganda hadi wazazi wakaliacha lile la kwao. Boti ilikuwa ya mkewe. Aliirithi kwa baba yake pamoja na sauti, maana yule mzee alisifika kwamba akikohoa upande huu wa ghuba, upande wa pili watu wanageuka. Kila mtu gatini alimwita mkewe Nahodha. Nyumbani alikuwa Mama Pacha na Komeo alikuwa Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti wawili waliokwisha kuolewa, kila mmoja na kwake, wakawaachia nyumba yenye nafasi kubwa kuliko maneno.

Kazi ya boti ilikuwa kuvusha watu asubuhi na jioni hadi gati la ng'ambo, penye hospitali na maofisi. Mchana Komeo alirudi kwenye vitasa vyake. Nyuma ya boti kulikuwa na injini mbili. Ile kubwa iliongozwa na usukani uliokuwa mbele, alikokaa Nahodha. Ile ndogo iliitwa ya akiba, lakini ndiyo iliyofanya kazi ya adabu. Karibu na magati yote mawili maji yalikuwa machache, nyavu zimetegwa ovyo, mitumbwi imefungwa kila mahali, na mtu mwenye akili zake hapiti hapo akinguruma na injini kubwa. Unatoka polepole na ndogo, ukifika penye kina unaiinua, unawasha kubwa, unaondoka.

Shida ni kwamba injini ndogo haikujua habari za usukani. Ilikuwa na mkono wake yenyewe, kama mpini wa kikaango, na lazima mtu akae kule nyuma aushike. Mtu huyo alikuwa Komeo. Mbele, Nahodha alikuwa anaona njia lakini hana injini. Nyuma, Komeo alikuwa na injini lakini haoni njia, kwa sababu katikati yao walijaa abiria, vikapu na miavuli. Basi Nahodha hupaza sauti, "Kulia!" na Komeo, aliyekuwa ameinamia mngurumo, husikia "Tulia," akatulia kweli, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mtumbwi wa mtu. Mbaya zaidi, injini kubwa hata ikiwa imezimwa ilibaki ndani ya maji na kufuata usukani. Mke akikunja huku na mume akikunja kule, boti iliyumba kama ng'ombe anayeburutwa kwenda josho. Abiria wazoefu walikuwa wamejifunza kukumbatia vitu vyao kimyakimya.

Siku walipoburuta wavu wa mtu hadi gatini, na mwenye wavu akawafuata kwa mguu ufukoni huku akiwaeleza tabia zao, Nahodha alirudi nyumbani sauti imemkauka. Wakati wa kula alimwambia mumewe kwa mnong'ono kwamba ameona kwa wenzao wa ng'ambo boti yenye fimbo ya chuma iliyounganisha injini mbili. Ukizungusha usukani, kubwa inageuka, ndogo inafuata, kama mtoto aliyeshika gauni la mama yake. Akamwomba aitengeneze, maana yeye na chuma ni ndugu. Kisha akaongeza, bila kufikiri, kwamba kwa njia hiyo mtu mmoja tu anatosha kuongoza zote mbili.

Maneno hayo ya mwisho yaliingia moyoni mwa Komeo, yakavuta kiti, yakakaa.

Kesho yake alimsimulia mchomeleaji wa kibanda cha jirani, rafiki yake wa siku nyingi. Mchomeleaji aliinua kofia ya kukinga macho, akafikiri, akamwambia kwamba mwanamke akianza kuunganisha injini ujue amekwisha kuunganisha mengi kichwani. Kwanza fimbo, halafu atasema boti inazidi uzito, halafu utajikuta unapunga mkono gatini. Komeo alicheka, lakini kicheko hakikushuka chini ya koo.

Akaanza kuvuta miguu. Chuma kilikuwa hakijaja. Kikaja, lakini kina kutu. Kutu ikatoka, mgongo ukamshika. Nahodha hakugomba. Alinyamaza, na kwa mwanamke mwenye sauti ile, kimya kilitisha kuliko king'ora. Mwishowe Komeo akapiga moyo konde. Kama ni kufukuzwa, alijiambia, basi na afukuzwe kwa kazi nzuri, ili kila mkewe atakapozungusha usukani ajue alimfukuza mtu wa namna gani.

Alipima, akakata bomba nene, akalisugua hadi likang'aa kama kijiko cha wageni. Kila ncha aliitia bawaba ya geti, zile nzito anazofunga kwenye mashule, ambazo wanafunzi hubembea juu yake mwaka mzima na zisinung'unike. Mchomeleaji aliuliza kama kitu hicho hakitahitaji kupinda huku na huku, na siyo upande mmoja tu kama mlango. Komeo akamjibu kwamba alikuwa anafunga mageti kabla mwenzake hajajua kuwasha kiberiti. Halafu, kwa kuwa wezi wa gatini walikuwa na macho na injini za watu, kwenye pini ya kiungo alipiga kufuli, moja ya makufuli yake mwenyewe.

Makufuli hayo yalikuwa fahari yake. Nusu ya mtaa walikuwa nayo milangoni, na kila aliyeuziwa aliambiwa maneno yaleyale: "Hili hata mimi niliyekuuzia siwezi kulifungua bila ufunguo wake." Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa. Ukweli ni kwamba hakuwahi kujaribu, labda kwa kuogopa jibu.

Walijaribu fimbo boti ikiwa bado nchi kavu, juu ya magogo. Nahodha alipanda, akazungusha usukani kulia, injini zote mbili zikageuka. Akazungusha kushoto, zikageuka tena, kwa pamoja, kama askari kwenye gwaride. Alicheka peke yake kule mbele kama msichana. Komeo alikuwa hajamwona akicheka hivyo ndani ya boti miaka mingi, na jambo hilo lilimchoma kuliko yote.

Siku ya kwanza ya kazi, Komeo alivaa suruali yake nzuri. Miongoni mwa abiria alikuwemo mama mkwe, aliyekuwa anakwenda hospitali kupimwa macho. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mchache wa maneno, na abiria wengi wa asubuhi ile aliwapokea yeye walipokuja duniani. Tangu Komeo aoe, mama huyu hakuwahi kumsema vibaya wala vizuri. Alimtazama tu, kama mtu anayetazama chakula alichopika mwingine. Alikaa nyuma, karibu na injini, na kando yake akakaa mwenye duka la dawa, bwana wa miwani na maswali mengi, ambaye mbele ya boti humpa kichefuchefu. Duka lake lilikuwa na milango mingi, na kila mlango ulikuwa na kufuli la Komeo.

Walitoka gatini kwa utulivu ambao haujawahi kuonekana. Nahodha alizungusha usukani kwa vidole viwili, akaikwepa mitumbwi, akazipita nyavu, wala hakufungua mdomo. Abiria wakaanza kusifu. Mmoja alisema siku hizi mtu anaweza hata kusinzia. Komeo alikaa ameweka mikono juu ya magoti, akiitazama mikono hiyo kana kwamba ni ya mgeni.

Walipofika penye kina, alisimama kuinua injini ndogo. Ikakataa. Akavuta, ikakataa. Akaifanyia kama anavyofanyia geti kaidi, akaitia bega, akasukuma kwa hasira yote ya wiki zile. Kitu kikalia *kra*, injini ikapanda, ikanasa juu. Komeo akaita kwamba tayari. Nahodha akawasha kubwa, akaongeza moto.

Boti ikakata kushoto. Nahodha akazungusha usukani kulia, usukani ukagoma. Wakaendelea kushoto, kwa mwendo mzuri tu, hadi wakaliona gati lao tena, kisha ng'ambo, kisha gati lao. Mzunguko wa kwanza watu walidhani wanakwepa kitu. Wa pili, mama mmoja aliuliza kwa upole kama amesahaulika mtu. Wa tatu, watu waliobaki gatini walianza kuwapungia mikono, wakiamini ni maonyesho. Nahodha akazima injini.

"Baba Pacha," alisema kwa sauti ya chini, jambo ambalo liliwaogopesha abiria wote, "usukani umekufa."

Komeo aliinama kutazama. Bawaba ya geti, iliyozoea kwenda mbele na kurudi nyuma, ilikuwa imelazimishwa kwenda juu, nayo ikajikunja kama sikio la mtoto aliyefinywa. Injini ndogo haishuki, kubwa haigeuki. Dawa yake ilikuwa moja, kuchomoa pini na kuitenganisha fimbo. Na kwenye pini kulikuwa na kufuli. Akatia mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwenye suruali ya kazi, na suruali ya kazi ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chao cha kulala.

Ikabidi aseme. Alisema akiwa ameyatazama maji.

Mwenye duka la dawa alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Lakini si wewe ndiye fundi wa makufuli?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Na hilo ni lile lile la milango yangu?"

"Lile lile."

Bwana yule alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akasogea karibu ili aone vizuri. Hapo Komeo akauona mtego wote. Akilifungua kufuli, anajitangaza kwamba milango ya nusu ya mtaa imefungwa kwa pambo. Akishindwa, yeye ni fundi wa kufuli asiyejua kufuli, tena mbele ya mama mkwe, na upepo ulikuwa unawasukuma taratibu kuelekea kwenye nyavu za yule yule aliyewafuata kwa mguu.

Aliomba waya. Mama mkwe alifungua mwavuli wake mkuukuu, akavunja ubavu mmoja, akampa. Komeo akalala kifudifudi ukingoni, kichwa na mabega vikaning'inia juu ya injini, na mama mkwe akamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Ilikuwa mikono iliyozoea kuvuta watu, hata Komeo alijisikia amepata usalama.

Akaingiza waya, akaugeuza kidogo tu, kutafuta njia.

Kufuli likafunguka.

Halikusumbua hata kidogo. Lilifunguka kama mlango wa jirani mwema. Komeo alishtuka, akalibana kwa kiganja lisionekane, akabaki amelala vile vile. Nyuma yake mwenye duka la dawa aliuliza linaendeleaje. Komeo akajibu kwa kuguna, kwamba chuma hiki si cha mchezo. Akautikisa waya. Akapumua kwa nguvu. Jasho lilikuwa lake la kweli, halikuhitaji kuigizwa.

Mama mkwe aliinama hadi mdomo ukafika sikioni mwake. "Baba Pacha, mbona limeshafunguka?"

"Najua, Mama."

"Sasa unafanya nini?"

"Nalinda biashara, Mama."

Komeo alingoja aachiwe mkanda atumbukie, na alihisi anastahili. Badala yake alisikia khanga ikitandazwa mabegani mwake, ikaziba macho ya watu, na sauti ya mama mkwe, ile sauti adimu, ikapanda juu kwa mara ya kwanza. "Jamani, kufuli gani hili gumu hivi? Jua litampiga mtoto wa watu!"

Abiria wakaanza kumwonea huruma. Mmoja alisema fundi apumzike kwanza. Mwenye duka la dawa alikuwa anatikisa kichwa kwa fahari, kama mtu anayesikia mwanawe akisifiwa shuleni. Komeo akaguna tena, mama mkwe akaitikia kwa kusikitika, na mambo yangeweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu kama Nahodha hangesimama kule mbele na kuita kwamba nyavu hizo hapo.

"Haya, fungua sasa, mwanangu," mama mkwe alinong'ona. "Tusije tukazama tunalinda biashara."

Komeo akaachia kiganja, akapiga kelele moja ya ushindi, akachomoa pini. Fimbo ikaanguka upande, injini kubwa ikawa huru, Nahodha akawasha akakata kulia, na wavu wa mwanzo ukapita pembeni kwa upana wa mkono. Watu walipiga makofi. Mwenye duka la dawa alimpa Komeo mkono, akamwambia kwamba leo ameshuhudia kwa macho yake, na akitoka kazini atapitia kuchukua jingine la stoo.

Walipofika ng'ambo, mama mkwe alikuwa wa mwisho kushuka. Alimkabidhi Komeo mwavuli wenye ubavu mmoja pungufu, akamwambia autengeneze. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Yule bwana ukambadilishie makufuli yake yote. Ya bure. Usilale na jambo hili."

"Sawa, Mama."

"Na la mlango wangu pia."

Aliondoka kuelekea hospitali, na mgongo wake ulikuwa unatikisika. Komeo alichukua muda kutambua kwamba anacheka.

Walibaki wawili ndani ya boti. Komeo aliiokota fimbo, akasema kwa sauti ya mtu asiyejali kwamba basi, jambo lenyewe limeonekana halifai, yeye atakaa nyuma kama zamani. Nahodha alimwambia hapana, aitengeneze upya, aitengeneze vizuri. Hapo maneno yaliyokuwa yamekaa moyoni yakainuka kwenye kiti chao.

"Kumbe ni kweli unataka kunistaafisha."

Nahodha alimtazama kama aliyesikia lugha ngeni. "Nani kakwambia?"

"Ulisema mtu mmoja anatosha."

"Kuongoza, Baba Pacha. Nilisema kuongoza." Alikaa chini kwenye benchi la abiria, akavua kofia. Akamwambia kwamba tangu watoto waondoke, maneno yote anayomwambia mumewe kutwa nzima ni kulia na kushoto, tena kwa kupiga kelele, na watu wakitazama kana kwamba anamgombeza. Jioni anafika nyumbani koo linamuuma, wanakula kimya, wanalala. Benchi la pale mbele ni la watu wawili. Baba yake alilitengeneza hivyo ili mama yake akae. "Mimi nakaa hapo na kikapu," alisema. "Nilitaka mtu."

Komeo aliugeuza mwavuli mikononi, akaufungua, akaufunga, na mwisho akauliza kama benchi lenyewe halihitaji mto.

Safari hii alikwenda kwa fundi wa magari na kuuliza kwa unyenyekevu, na fundi akampa boljointi mbili, viungo vya kichwa cha mviringo vinavyopinda kila upande ambao mtu anaweza kuupindia. Pini aliifunga kwa klipu tu, ya kuchomoa kwa vidole, na jioni fimbo nzima inabebwa kwenda nyumbani. Kabla ya kuishusha boti majini aliinua na kuteremsha injini ndogo hadi mchomeleaji akamwomba aache, inamtia kizunguzungu.

Makufuli ya duka la dawa yalimpa kazi kubwa zaidi. Mwenyewe alikataa katakata kubadilishiwa. Alisema hatengani na kufuli aliloliona likipigana vile. Komeo alimsihi, akasingizia toleo jipya, akasingizia kutu, haikusaidia. Ikabidi atoe ubavu wa mwavuli mfukoni, na mbele ya macho ya mteja wake akaifungua milango yote ya duka, mmoja baada ya mwingine, kwa muda ambao mtu angetumia kupenga kamasi. Bwana yule aliuliza juu ya zile kelele za baharini na lile jasho. Komeo akamweleza kila kitu, pamoja na khanga. Mwenye duka la dawa hakusema naye muda mrefu baada ya hapo, na kwa kumkomoa akawa anakaa mbele ya boti, ambako alitapika, akarudi nyuma, na taratibu wakaelewana.

Asubuhi ya kwanza ya fimbo mpya, Komeo alipita katikati ya abiria hadi mbele, akakaa kando ya mkewe. Mwanzoni hawakujua waanzie wapi. Yeye alizungumza kwa kupaza sauti, kwa mazoea, mkewe akaziba sikio. Wakatoka kwenye mitumbwi, wakazipita nyavu. Komeo alikwenda nyuma, akainua injini ndogo kwa mkono mmoja, akarudi. Nahodha akamuuliza siku hizi anatengeneza nini kule kibandani, swali ambalo hakumbuki ni lini alimuuliza mara ya mwisho. Komeo akaanza kumsimulia habari za mwalimu mmoja aliyejifungia ofisini, na jinsi wanafunzi wote walivyodai kwamba hawasikii akigonga. Alimwigiza mwalimu, akamwigiza na mlinzi. Nahodha alicheka hadi akafuta macho.

Walikuwa wamelipita gati la ng'ambo kwa mwendo mrefu pale abiria mmoja alipokohoa, akauliza kama leo hospitali imehamishwa. Nahodha akazungusha usukani bila haraka, akiuliza kwani mwalimu alitokaje.

"Subiri," Komeo alisema. "Hapo bado hajapanda dirishani."